Maganda ya Kaskazi, Majani ya Masika

Kuanzia Desemba, mvua za vuli zikishapita na upepo wa kaskazi ukashika, Mombasa hujaa maganda. Maembe yanashuka kwa malori kutoka Kilifi na Kwale: ngowe, boribo, dodo, epo. Mananasi yanatoka upande wa Malindi na Magarini. Machungwa mengi yanavuka mpaka wa Lunga Lunga kutoka Muheza. Sehemu kubwa inapitia Kongowea, na kutoka hapo inasambaa kwenye vibanda vya juisi vya Majengo, Mwembe Tayari na Likoni, kwa akina mama wa achari, na kwenye viwanda. Nanasi likishamenywa na kutolewa kiini, karibu nusu ya uzito wake ni taka. Chungwa likishakamuliwa ni vivyo hivyo. Embe linaacha ganda na kokwa ambavyo vikipimwa pamoja havipungui robo ya tunda. Rundo hilo linaanza kuoza kabla ya jua la pili, linavuta nzi, kisha linapakiwa lorini kwenda jaa la Mwakirunge.

Miezi hiyohiyo, si mbali na jaa lenyewe, mfugaji wa Utange au Kiembeni anazunguka na panga akitafuta majani. Ng'ambo ya Likoni, kule Mtongwe, hali ni hiyohiyo. Ukipanda juu Mazeras na Rabai, hali ni mbaya zaidi. Nepia, yale majani marefu yanayopandwa kwa ajili ya mifugo, imebaki vijiti. Majani ya barabarani yamekauka na yamejaa vumbi. Maziwa yanapungua kwa vipimo unavyoviona kwenye ndoo kila asubuhi, na mtu anaanza kununua chakula cha gunia kwa bei ambayo maziwa yenyewe hayawezi kuirudisha.

Mimi nafuga ng'ombe wa gredi na mbuzi wa maziwa huko Utange, na kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nikichukua maganda hayo na kuyaingiza kwenye saileji ya nepia, yaani majani yaliyochachushwa bila hewa ili yakae. Watu wengi wameniuliza ninavyofanya, na nitaeleza. Lakini kuna jambo moja ninalotaka lisikike kuliko mengine yote: ganda linalomenywa wakati wa kaskazi lina thamani kubwa zaidi mwezi wa Juni kuliko siku lilipomenywa. Tulikaushe jua likiwepo, tuliweke ndani, tulisubirishe majani ya masika.

Sababu ya kusema hivyo iko kwenye kalenda yetu ya mvua. Mvua kubwa ya Pwani huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kufikia kilele Mei. Kufikia Juni nepia imesimama juu ya kichwa cha mtu, na mfugaji ana majani asiyoweza kuyamaliza. Anayaacha yakomae. Shina linakuwa gumu, majani ya chini yanakuwa ya manjano, na protini inashuka kila wiki inayopita. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, ikija vizuri. Januari, Februari na Machi hakuna kitu. Wale waliofuga wakati wa ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, wanajua kwamba hata hicho kidogo cha vuli si haki ya mtu. Kule Ganze na Kinango ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama karibu na mashamba ambayo misimu iliyotangulia yalikuwa na majani hadi kiunoni.

Kwa hiyo majani ya Juni yangepaswa kuliwa Februari. Njia ya kuyafikisha huko ni mbili. Ya kwanza ni kuyakausha yawe nyasi kavu, na hilo Juni Mombasa halifanyiki, kwa sababu hewa ina unyevunyevu na manyunyu ya kusi yanakuja bila taarifa. Nepia nayo ina shina nene lisilokauka haraka. Ya pili ni saileji: kuyakatakata, kuyashindilia mahali pasipoingia hewa, na kuyaacha yachachuke.

Kinachotokea mle ndani ni kazi ya bakteria wa jamii ileile inayogandisha maziwa kwenye kibuyu. Hewa ikishakwisha, wao hushika sukari iliyomo kwenye majani na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki. Asidi ikiongezeka, pH inashuka, maana ni kipimo kinachokuwa kidogo kadiri uchachu unavyozidi. Ikifika 4.2 au chini yake, vijidudu vya uozo vinashindwa kufanya kazi, na majani yanabaki vilevile kwa miezi mingi mradi hewa isiingie tena.

Hapo ndipo majani ya nchi za joto yanapotupa taabu. Nepia ina sukari kidogo inayoyeyuka majini, tofauti na majani ya nchi za baridi ambayo vitabu vingi vya saileji viliandikwa kwa ajili yake. Shina lake ni nene na gumu kushindilia, kwa hiyo hewa inabaki. Na ikikatwa changa, wakati ina protini nzuri, ina maji mno: katika kilo 100 za nepia ya masika, kilo 18 hivi tu ndizo kitu kikavu, yaani kinachobaki maji yote yakiondolewa. Saileji nzuri inataka kitu kikavu kiwe kama asilimia 30, au zaidi kidogo. Majani yakiwa na maji kuliko hapo, bakteria wengine wanaopenda utelezi wanachukua nafasi, wanatengeneza asidi ya butiriki, na ukifungua unakutana na harufu ya samli iliyooza. Ng'ombe anainusa na kugeuza shingo. Na kabla ya hapo, maji meusi yanakuwa yameshachuruzika chini ya mfuko yakiwa yamebeba sukari na protini uliyoipanda kwa jasho.

Ushauri uliozoeleka ni molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatengenezwa, kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za majani. Molasi inatatua shida ya sukari. Shida ya maji haiigusi kabisa. Na molasi ya Pwani inasafirishwa kutoka viwanda vya sukari vya magharibi, maana Ramisi, kiwanda cha Kwale, imekuwa na historia ya kufungwa na kufunguliwa. Bei yake ikifika Mombasa ina safari nzima ndani yake.

Maganda ya matunda yana sukari. Kila mtu aliyewahi kulamba vidole baada ya kumenya nanasi anajua. Kwa hiyo wazo la kuyamwaga kwenye saileji linakuja lenyewe, na ndivyo wengi wanavyoanza: wanachukua gunia la maganda mabichi kibandani asubuhi na jioni liko ndani ya shimo pamoja na nepia. Jirani yangu mmoja alifanya hivyo kwa shimo zima. Alipofungua, theluthi ya chini ilikuwa uji.

Hesabu inaonyesha kwa nini, na naomba msomaji anivumilie nayo kwa sababu humo ndimo mlimo siri yote. Chukua kilo 100 za nepia ya masika zenye kilo 18 za kitu kikavu. Ongeza kilo 20 za maganda mabichi ya nanasi, ambayo kitu kikavu chake ni asilimia 15 au chini ya hapo, yaani kilo 3. Sasa una kilo 120 zenye kilo 21 za kitu kikavu. Hiyo ni asilimia 17.5. Umeongeza sukari, lakini mchanganyiko umekuwa majimaji kuliko nepia peke yake.

Badili jambo moja tu. Maganda yaleyale yakiwa yamekaushwa hadi kitu kikavu kiwe asilimia 85, kilo 20 zake zina kilo 17 za kitu kikavu. Zijumlishe na 18 za nepia, unapata 35 ndani ya kilo 120. Asilimia 29. Umefika mlangoni mwa saileji nzuri bila kuning'iniza majani chini ya mvua ukingoja yanyauke. Ganda kavu linanyonya maji ya nepia, linayashikilia yasichuruzike, na sukari yake inayeyuka humohumo na kuwa chakula cha bakteria tunaowataka. Kazi mbili, kitu kimoja, na kitu chenyewe kilikuwa kinakwenda jaani.

Hili halikuvumbuliwa Utange. Wabrazili wamelifanyia kazi kwa miaka mingi. Jimbo la São Paulo linakamua machungwa kwa wingi usio na mfano duniani, na makapi yake hukamuliwa tena, hutiwa chokaa, hukaushwa na kuuzwa kama chakula cha mifugo. Huko makapi makavu ya machungwa huchanganywa kwenye saileji ya majani yaleyale tunayoyaita nepia. Kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, kwenye jimbo la Ceará, wamefanya utafiti mwingi kwa mabibo yaliyokaushwa, yale matunda yanayobaki korosho ikishatolewa. Nikilifikiria hili nafurahi sana. Mkorosho ni mti wa Brazili. Wareno ndio walioufikisha kwenye pwani hii katika karne ya 16. Nepia nayo ni jani la Afrika lililovushwa bahari kwenda kwao. Vimekutana tena ndani ya shimo la saileji upande wa pili wa Atlantiki, wakati sisi tuliobaki na vyote viwili, huku Kilifi na Kwale, mabibo tunayaacha yaozee chini ya miti.

Kukausha basi. Kaskazi ndiyo karama yetu hapa. Januari na Februari jua ni kali, upepo unavuma, mvua ni adimu. Maganda yakatwe vipande vidogo kwanza, maana ganda zima la nanasi linakauka nje na kubaki na maji katikati. Yatandazwe juu ya turubai au sakafu ya saruji, unene wa vidole viwili hivi, na yageuzwe mara kadhaa kwa siku. Jioni yafunikwe au yaingizwe ndani, kwa sababu umande wa usiku unarudisha ulichokiondoa mchana. Kwa jua la Januari siku mbili au tatu zinatosha. Kipimo changu ni mkono: kipande kikikunjika bado, kikivunjika kimeiva. Kilo 100 za maganda mabichi ya nanasi zitakupa kilo 17 hivi za makavu, na ni vizuri mtu alijue hilo mapema asije akakata tamaa akiona magunia sita yamekuwa moja. Maganda ya embe yana maji kidogo kuliko ya nanasi, kwa hiyo yanarudisha zaidi. Maganda ya tikiti usijisumbue nayo kuyakausha. Ni maji tupu. Wape mbuzi siku ileile.

Kunguru ni mtihani. Kunguru wa Mombasa hawahitaji kuelezwa kwa mtu wa Mombasa. Watashuka juu ya turubai mara tu ukigeuka, na hata wasipokula wanachafua. Nyavu kuukuu ya uvuvi iliyotandwa juu ya vigingi inafanya kazi vizuri kuliko kuweka mtoto wa kuwafukuza. Nyuki nao watakuja siku ya kwanza. Ganda likishaanza kukauka juu, wanaondoka.

Baada ya hapo inakuja sehemu inayotaka uangalifu kuliko zote, nayo ni kuhifadhi hadi Juni. Hewa ya mji wetu ina unyevu mwaka mzima, na ganda lenye sukari linauvuta. Magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Yawekwe juu ya mbao. Mimi naweka ndani ya mifuko mizito ya polithini na kufunga mdomo kwa raba ya tairi, kisha mfuko ndani ya pipa lenye kifuniko, kwa ajili ya panya. Kila baada ya wiki chache nafungua na kunusa. Ganda lililoota ukungu halipelekwi kwa mnyama, hata kidogo. Ukungu unaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo ng'ombe akiila sehemu yake inapita hadi kwenye maziwa, na maziwa hayo yananywewa na watoto wa majirani zangu. Hapo sina mjadala.

Kupata maganda safi ni suala la watu. Vibandani taka zote huingia ndoo moja: maganda, mirija, vifuniko vya chupa, karatasi za plastiki. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 imesaidia sana, lakini plastiki haijaisha mjini, na mbuzi wa mitaani wanaochinjwa wakiwa na donge la plastiki tumboni si habari ngeni kwa wachinjaji wetu. Tumbo la mnyama anayecheua halina njia ya kuliyeyusha wala kulitoa. Kwa hiyo nilipeleka ndoo zangu mwenyewe kwa wauzaji ninaoelewana nao, za rangi moja, na tukakubaliana ndoo hiyo ni ya maganda peke yake. Dada mmoja wa Mwembe Tayari ndiye aliyekuwa wa kwanza kulielewa. "Ami, hii ndoo yako hata kijiko changu hakiingii," aliniambia, na ndivyo ilivyo hadi leo. Namlipa kidogo, na anapata maziwa. Ramadhani ikiangukia kaskazi, kama ilivyo miaka hii, kibanda chake kinakamua embe na pasheni kuanzia alasiri hadi adhana, na ndoo haitoshi.

Kuna vitu viwili ambavyo havipaswi kuingia ndoo hiyo kamwe. Cha kwanza ni parachichi, ganda lake, kokwa yake na hata nyama yake iliyoharibika. Lina sumu iitwayo pasini, inayoshambulia kiwele na kukata maziwa, na mbuzi ni miongoni mwa wanaoumia. Mombasa tunasaga parachichi kila kona, kwa hiyo hatari hii iko karibu nasi kuliko wafugaji wengi wanavyodhani. Cha pili ni kokwa nzima la embe. Linateleza, linamezwa, linakwama kooni. Mnyama anashindwa kucheua na gesi inamjaa hadi anakufa usipowahi. Kiini kilichomo ndani ya kokwa kina wanga mzuri, lakini kina tanini nyingi, zile zinazoleta ukakasi, na kinataka kuchemshwa au kulowekwa. Sijaona faida ya usumbufu huo kwa mfugaji mdogo. Kokwa zangu zinakuwa kuni.

Sasa Juni. Nepia ikatwe ikiwa na urefu wa mita moja hivi, kabla haijakomaa, hata kama inauma kuikata ndogo. Ikatwe kwa mashine vipande vya sentimita 2 hivi. Anayetumia panga ajitahidi kukaribia hapo, maana vipande virefu havishindiliki. Changanya na maganda makavu yaliyopondwa, tabaka kwa tabaka au kwa koleo juu ya turubai, hadi kila mkono unaochota uwe na vyote viwili. Bana kiasi kiganjani kwa nguvu. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ongeza ganda. Ukifungua mkono na donge likaachana polepole, kiganja kikiwa na unyevu tu, hapo pamefika.

Kisha shindilia. Nasisitiza hili kwa sababu ganda linamfanya mtu aamini kwamba sukari itafanya kila kitu. Hewa ikibaki, hamira za porini zilizoganda juu ya matunda, ambazo ni nyingi sana, zitashika sukari hiyo na kuigeuza kuwa pombe. Saileji ya matunda ina mwelekeo huo kuliko saileji nyingine yoyote. Na ukishafungua, hamira hizohizo zinaamka, zinaila asidi ya laktiki, na saileji inaanza kuwa ya moto. Kwa joto la Mombasa kazi hiyo haichukui muda mrefu. Ndiyo maana siwashauri wafugaji wa huku wachimbe shimo kubwa waliloliona kwenye picha za Nyandarua. Mifuko ya polithini nene, geji 1000, inayochukua kilo mia kadhaa, au hata mapipa ya plastiki ya lita 200, inatufaa zaidi: unafungua mmoja, unaumaliza, ndipo unafungua mwingine. Kanyaga kila tabaka kwa miguu hadi kisigino kisididimie. Funga. Popote panya alipotoboa, ziba siku hiyohiyo kwa utepe wa gundi. Baada ya wiki sita iko tayari, na inaweza kungoja hadi kaskazi ijayo.

Iliyo nzuri ina rangi ya kijani kinachoelekea manjano na harufu chachu yenye utamu. Iliyotiwa maganda ya machungwa inanukia hadi nje ya zizi.

Nimeacha jambo la protini hadi hapa ingawa ni zito. Maganda ya matunda ni maskini wa protini: ya embe na nanasi ni kama asilimia 5 ya kitu kikavu. Nepia changa ina 9 hivi. Ukirudi kwenye mchanganyiko wetu wa kilo 120, utaona saileji yote imebaki na asilimia 7 tu, na chini ya 7 vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinaanza kulala njaa, vinashindwa kuvunja hata nyuzinyuzi zilizopo. Ng'ombe anakuwa na tumbo lililojaa na mwili unaopungua. Mtu akiona hivyo atalaumu maganda, na atakuwa na haki.

Lakini Pwani hatukukosa dawa yake. Lusina na glirisidia, miti ya jamii ya kunde yenye majani ya kulisha mifugo, zinaota hapa kama uzio, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kilishafanya kazi na wafugaji wadogo wa Pwani kuhusu kulisha nepia pamoja na lusina miaka mingi iliyopita. Toa kilo 20 za nepia kwenye zile 100, weka kilo 20 za majani ya lusina yaliyonyauka kidogo. Kitu kikavu kinapanda hadi asilimia 31, na protini inakaribia 9.6. Kwa kawaida majani ya jamii ya kunde ni magumu kutia kwenye saileji kwa sababu yanazuia pH isishuke. Sukari ya maganda ndiyo inayoyashinda. Lusina isizidi theluthi ya chakula chote cha mnyama, kwa ajili ya sumu ya mimosini iliyomo ndani yake. Asiyekuwa na lusina atoe mashudu ya nazi pembeni. Bado yanapatikana kwa wakamuaji wa mafuta.

Ng'ombe wa kilo 400 anataka kama kilo 12 za kitu kikavu kwa siku. Mimi nampa nusu yake kwa saileji, yaani kilo 20 za saileji yenyewe, na nusu nyingine majani yoyote yanayopatikana, mabua ya mahindi, nyasi kavu. Simlishi saileji ya maganda peke yake. Kwa siku 90 za kiangazi hiyo ni kilo 1,800 kwa ng'ombe mmoja, na ndani yake maganda makavu ni kilo 300. Kilo 300 za makavu zinatokana na karibu kilo 1,700 za maganda mabichi ya nanasi. Ni mzigo mkubwa. Kwa anayesikia mara ya kwanza, aanze na mbuzi, ambaye kilo 4 au 5 za saileji kwa siku zinamshughulisha vya kutosha. Mnyama azoeshwe kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Na saileji itolewe baada ya kukamua, kamwe isiwe kabla, kwa sababu maziwa yanashika harufu, na chai ya Mombasa haifichi maziwa mabaya.

Ninachokipenda zaidi kwenye maganda ya machungwa ni pektini, ile nyuzinyuzi laini inayoyeyuka. Tumboni inavunjika haraka na kutoa nguvu bila kuleta asidi kali ile inayoletwa na nafaka nyingi, na inaelekea kulinda mafuta ya maziwa. Wateja wangu hawaijui pektini, lakini wanaijua malai inayokaa juu ya sufuria.

Mji nao ungepata chake. Mwaka 2003 aligunduliwa nchini Kenya nzi wa matunda kutoka Asia, na tangu hapo ameharibu maembe kwa kiasi ambacho mwaka 2014 nchi yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Ulaya. Nzi huyo anazaliana ndani ya matunda yaliyoanguka na marundo yanayooza. Funza wake hawezi kuishi juani kwenye turubai wala ndani ya mfuko uliofungwa usioingia hewa. Kila gunia linalokaushwa linapunguza nzi wanaorudi kwenye miembe ya Kilifi na Kwale, yaani kwa wakulima haohao wanaotuletea maembe.

Ninachokiomba kwa wanaosimamia masoko ni kidogo. Kongowea wawekewe makontena mawili: moja la maganda na matunda yaliyoharibika, moja la taka nyingine zote, na mtu wa kusimamia hapo kuanzia Desemba hadi Machi. Karibu na Mwakirunge, ambako malori yanakwenda tayari, pawe na sakafu ya saruji yenye nyavu juu yake, ambapo vijana watakausha na kuwauzia wafugaji kwa kilo. Umbali haubadiliki, mafuta ya lori ni yaleyale. Mimi nitakuwa mnunuzi wa kwanza, na najua wengine wa Utange, Kiembeni na Mtongwe ambao wangekuja siku hiyohiyo na mikokoteni yao.